Msiwaache vijana peke yao na barua ya mhakiki

Mhariri,

Salamu nyingi kutoka Mbale. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili kwenye chuo kikuu kimoja huku mashariki mwa Uganda na gazeti lenu nalisoma kila likifika, likichelewa nalisoma kesho yake. Kwa muda sasa naona barua za wasomaji zimejaa habari za Kiswahili mashuleni, walimu watatoka wapi, vitabu viko wapi, baraza la mawaziri lilipitisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lazima msingi na sekondari sasa mbona mambo yanaenda polepole, na mimi hayo yote naunga mkono kabisa. Ila kuna jambo moja halisemwi na linaniuma sana, nalo ni hawa vijana wetu wanaomaliza masters na PhD, tunawaambia andikeni, chapisheni, bila makala hakuna kupanda cheo, halafu hakuna anayekaa nao hata siku moja kuwaonyesha makala ya jarida inaandikwaje, inatumwa wapi, na ikirudi na maswali mtu afanye nini.

Nasema kukaa nao, na naomba neno hilo lieleweke vizuri maana najua mtu ataniambia mbona semina tunazo. Ni kweli semina tunazo na mimi mwenyewe nimeshaendesha kadhaa. Mtu anaelezea siku nzima kwa projekta, watu wanaandika, wanauliza maswali mazuri, jioni wanapewa cheti, na kijana anarudi chumbani kwake na makala yake iko vilevile kwenye laptopu kwa sababu hakuna mtu aliyeigusa. Kukaa naye ni karatasi yake iko mezani, kalamu iko mkononi, mnasoma sentensi kwa sentensi. Hiyo ndio kazi inayokosekana.

Ngoja niwaeleze yaliyonipata mimi ili muone nazungumzia nini.

Mwaka wa kwanza baada ya kumaliza masters niliandika makala kuhusu Kiswahili cha wafanyabiashara wa mpakani, pale Malaba na Busia, vile wanawake wa sokoni wanavyobadilisha lugha katikati ya kupatana bei, anaanza Kiswahili, akitaka kukupunguzia anaingia Kiteso au Kisamia, akikasirika anarudi Kiswahili. Nilikaa nayo miezi sita, nikaituma kwenye jarida la nje, nikasubiri miezi saba. Imeili ilipoingia nilikuwa kwenye teksi natoka Tororo, nimebanwa kiti cha nyuma na gunia la viazi miguuni, nikafungua kwa simu. Aya ya kwanza mhariri ananishukuru, halafu anasema kwa vile ilivyo sasa makala haiwezi kuchapishwa, halafu chini yake kuna kurasa nne za maneno ya wahakiki wawili, yaani wale wasomi ambao jarida linawapa makala yako waipime, mstari baada ya mstari, hiki hakieleweki, kile hakina ushahidi, hapa mwandishi amejuaje. Sikufika mwisho. Nilizima simu nikaangalia dirishani mpaka Mbale, na nilipofika nyumbani sikumwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Nilijua nimekataliwa na nilijua ni kwa sababu mimi sio mtu wa kazi hii. Makala ikalala miezi 14.

Baadae nilienda kongamano moja la Kiswahili, na wakati wa chai mzee mmoja mstaafu, mwalimu wa isimu ambaye hakuwahi kunifundisha wala hakunijua, akaniuliza, "Mwanangu, siku hizi unaandika nini?" Nikamwambia Mzee niliandika moja ikakataliwa. Akaniangalia akasema, "Ilikataliwa au ilirudishwa?"

Sikujua kama kuna tofauti. Kwa kweli sikujua, na nilikuwa nimeshafundisha chuo miaka miwili.

Akaniomba aione ile imeili. Akavaa miwani akasoma polepole pale pale kwenye varanda, akashuka mpaka chini kabisa mahali ambapo mimi sikuwahi kufika, akanionyesha kwa kidole. Aya ya mwisho ilisema wanaomba masahihisho makubwa na kama naweza kuyafanya ndani ya siku 90 basi niitume tena. Ilikuwa imekaa humo kwenye simu yangu miezi 14. Mzee akaniambia, "Hawa watu makala yako wanaitaka. Asiyeitaka haandiki kurasa nne, anaandika mistari mitatu."

Kesho yake asubuhi kabla vikao havijaanza tukakaa tena. Alikuja na kaunta buku, akapiga mistari miwili kutoka juu hadi chini ikawa safu tatu. Safu ya kwanza tukaandika kila alichosema mhakiki, lakini sio kama alivyokiandika, tulikikata vipande, maana mhakiki anaweza kuandika aya moja ndefu ndani yake kuna mambo matano na wewe ukajibu moja ukaona umemaliza. Safu ya pili, nimefanya nini. Safu ya tatu, ukurasa gani mstari wa ngapi. Tulipomaliza kukata tulikuwa na mambo 31, na Mzee akaanza kuweka alama, haya ni ya neno tu yanamalizika leo jioni, haya yanataka urudi kwenye data zako, haya mawili mhakiki amekosea. Nikashtuka. Nikamuuliza, kwani mhakiki anaweza kukosea? Akasema, "Ni mtu kama wewe. Hajawahi kufika Malaba. Mshukuru kwa swali, mwambie kwa nini hukubaliani naye, halafu mpe mfano kutoka kwenye rekodi zako." Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba naruhusiwa kutokubaliana.

Halafu akachukua kalamu nyekundu akakata kurasa zangu tatu za kwanza zote. Nilikuwa nimeanza na historia ya Kiswahili tangu pwani, misafara, wamisionari, jeshi, mpaka nifike sokoni Busia ni ukurasa wa tano. Akaniambia msomaji wa jarida hili hayo anayajua, swali lako liko wapi? Nikamwonyesha ukurasa wa tano. Akasema lilete mlangoni. Akanieleza kitu ambacho mpaka leo nawaambia vijana wangu wote, kwamba tasnifu unaandikia mtahini aone kwamba umesoma kila kitu, lakini makala unaandikia mtu ambaye ana dakika kumi na anataka kujua swali lako moja, umelijibuje, na jibu lako linabadilisha nini kwenye yale tuliyoyajua. Ndio maana ukikata sura ya tasnifu ukaituma vilevile inarudi.

Nilimwandikia mhariri nikaomba radhi kwa kuchelewa, akanijibu kwa upole kwamba niitume kama mpya na nitaje namba ya zamani. Baada ya miezi mitano ikatoka.

Sasa Mhariri mimi najiuliza kila siku, kama ile chai ningeinywea upande mwingine wa ukumbi ingekuwaje? Kazi ya mtu haitakiwi itegemee chai. Na nina hakika kwenye simu na laptopu za vijana wa Gulu, Arua, Kabale, Soroti, Mbarara, hivi ninavyoandika, kuna barua za masahihisho zimelala watu wanadhani wamekataliwa.

Na hii habari ya mkubwa kumsomea mdogo sio ngeni huku kwetu hata kidogo. Mwaka 1962 Makerere waliandaa ule mkutano wa waandishi wa Afrika, na Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa bado mwanafunzi pale, akachukua muswada wake akampa Chinua Achebe asome. Achebe alikuwa tayari ana jina. Angeweza kusema nina shughuli. Akausoma na akaupeleka kwa wachapishaji, na mwaka 1964 kitabu kikatoka, na yaliyofuata dunia nzima inayajua. Hiyo ilitokea Kampala, kwenye kile kilima ambacho teksi zinapita kila siku. Na kwa sisi wa Kiswahili kuna jambo la karibu zaidi ambalo wanafunzi wangu nikiwaambia hawaamini, kwamba ile Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyokuwa inasimamia Kiswahili sanifu, ilihamia Makerere mwaka 1952 ikakaa hapo karibu miaka kumi, jarida lake likitoka Kampala, kabla haijaenda Mombasa na baadae Dar es Salaam ambako ndiko ilipozaliwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1964. Yaani jarida kubwa kabisa la lugha hii liliwahi kutoka hapa Uganda! Leo nikifungua majarida kama Kiswahili, Mulika au Kioo cha Lugha kutoka Dar, au Swahili Forum ya Ujerumani ambayo unaisoma bure kwenye intaneti, huwa naangalia kwanza orodha ya yaliyomo kutafuta watu wa huku kwetu, na mara nyingi nafika mwisho sijamuona hata mmoja. Inanihuzunisha. Si kwamba vijana hawana la kusema, mtoto aliyekulia Bombo kati ya Wanubi, au Arua, au Kisenyi, ana mambo kuhusu Kiswahili ambayo mtu wa pwani hawezi kuyaandika. Hana mtu wa kumshika mkono afike mlangoni.

Na pale ambapo sisi hatupo, wengine wapo.

Kuna kijana mmoja tunafanya naye kazi, mchapakazi, ofisi yake na yangu kuna milango miwili tu katikati. Siku moja alipata imeili inamwita mtafiti mashuhuri, inamwambia kazi yake imewavutia na jarida lao la kimataifa lina nafasi toleo la mwezi huu. Wakati huo alikuwa hajachapisha kitu chochote. Akatuma makala yake, siku ya nne imekubaliwa, hakuna swali hata moja, hakuna koma iliyobadilishwa, alipe dola 150. Alikopa sako. Akalipa, ikatoka, akaipeleka kwenye kamati ya kupandisha vyeo, kamati ikaangalia ikamwambia jarida hili halihesabiki. Akataka kuipeleka jarida lingine, haiwezekani kwa sababu imeshachapishwa. Akaomba waiondoe, wakamwambia alipe tena. Miaka miwili ya data zake, alizunguka vijiji kwa bodaboda na daftari, imekwenda hivyo. Na mimi nilikuwa milango miwili kutoka kwake. Angeniuliza ningemwambia kwa dakika tano, lakini kwa nini aniulize, lini mimi niligonga mlango wake nikasema unaandika nini siku hizi?

Majarida haya ya kitapeli sio siri. Mkutubi mmoja wa Chuo Kikuu cha Colorado Denver kule Marekani, Jeffrey Beall, alikuwa na orodha yao kwenye mtandao iliyokuwa inasomwa dunia nzima mpaka ilipoondolewa Januari 2017. Tangu 2015 kuna kampeni inaitwa Think. Check. Submit. inayokupa maswali ya kujiuliza kabla hujatuma, unalijua hili jarida, wenzako wamelisoma, anwani yao inaonekana, ada wanaitaja wazi, wahariri ni watu wa kweli ukiwatafuta unawapata? Kuna DOAJ, orodha iliyoanzishwa Lund, Sweden, mwaka 2003, ya majarida ya kusomwa bure ambayo yamekaguliwa. Kuna AJOL, mtandao wa majarida ya Afrika tangu 1998, na ukiingia humo unakuta hata majarida ya hapa nyumbani kama African Health Sciences ya Makerere inayotoka tangu 2001. Hayo yote ni bure kuyaangalia, unahitaji bando kidogo tu. Lakini kijana hajui kwamba yapo, na anayejua yuko bize.

Na hela jamani. Vijana wengi wanaamini kuchapisha lazima ulipe, na ndio maana wakiitishwa dola 150 wanaona ni bei nzuri, maana wamesikia lile jarida la sayansi la Nature, ukitaka makala yako isomwe bure, mwaka 2020 walitangaza euro 9,500, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 35, nani anayo? Hawajaambiwa kwamba majarida mengi ya lugha na fasihi hayaitishi mwandishi hata senti. Hawajaambiwa pia kwamba wachapishaji wengi wakubwa wana utaratibu wa kuwasamehe au kuwapunguzia ada waandishi wa nchi kama yetu, ila inabidi uombe mapema wakati unatuma, sio baada ya kukubaliwa. Sentensi mbili tu hizo, na mtu anaacha kukopa.

Kuna kitu kingine ni kigumu kukisema lakini nitakisema. Wapo wakubwa ambao kwao kulea kijana maana yake ni kuweka jina lao mbele ya makala ya kijana. Mwanafunzi amekusanya data, ameandika, amejibu wahakiki, msimamizi hata rasimu hajaifungua, siku ya kutuma anasema jina langu liwe la kwanza. Kijana hawezi kukataa kwa sababu tasnifu yake iko mikononi mwa huyo huyo. Wahariri wa majarida ya tiba, kundi lao lilianzia mkutano wa Vancouver mwaka 1978, masharti yao yanasema mwandishi ni yule aliyechangia wazo au data au uchambuzi, na akaandika au akaipitia rasimu kwa kina, na akaidhinisha toleo la mwisho, na yuko tayari kuwajibika kwa kilichomo. Yote manne kwa pamoja. Kutia saini fomu ya mwanafunzi hakumo. Natamani ukurasa huo ubandikwe kwenye kila idara, hata zetu za lugha, na mkubwa na mdogo wakubaliane majina yatapangwaje siku ya kwanza kabla hata neno moja halijaandikwa.

Sasa najua wenzangu watasema mzigo ni mkubwa. Ni kweli, na siwalaumu wote. Mtu ana madarasa ya wanafunzi mia tatu, ana mitihani ya kusahihisha mpaka usiku wa manane, ana ada za watoto, ikija konsaltansi ya shirika fulani ataiacha vipi? Profesa Mahmood Mamdani alipokuja kuongoza ile taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere mwaka 2010 alilisema sana hili la konsaltansi kuua utafiti vyuoni, na akaanzisha PhD ambayo mwanafunzi anakaa darasani anasoma na kuandika kwanza. Mtu anaweza kubishana naye kwa mengi, lakini hapo aliona ugonjwa. Shida ni kwamba saa ya kufundisha inahesabiwa, saa ya kusimamia mtihani inahesabiwa, ila saa mbili nilizokaa na makala ya kijana ambaye hata sio mwanafunzi wangu haziandikwi popote. Nikija kuomba kupandishwa cheo wataniuliza makala zangu ngapi. Hakuna atakayeniuliza nimewasaidia wangapi kutoa zao.

Ombi langu kwa wakuu wa vyuo vyetu ni hilo moja na sio la pesa. Hesabuni hiyo saa. Iandikeni kwenye ratiba ya mwalimu kama mnavyoandika somo, saa mbili kwa wiki za kusoma rasimu za vijana, na kwenye fomu ya kupanda cheo wekeni mstari mmoja, umelea nani na kazi yake imefika wapi. Na mlezi huyo asiwe msimamizi wa tasnifu, kwa sababu msimamizi ana alama mkononi na kijana hawezi kumwonyesha rasimu mbovu, na rasimu mbovu ndiyo inayotaka kuonwa. Mbona wengine wameweza, CARTA kwa mfano, muungano ulioanza 2008 wa vyuo na taasisi za Afrika ambao Makerere imo, wamewalea watu wa PhD kwenye mambo ya afya kwa vikao vya pamoja vinne katika safari nzima, sio kikao kimoja cha siku moja. Na AuthorAID, iliyoanzishwa na shirika la INASP la Uingereza mwaka 2007, imewakutanisha watafiti wachanga na walezi kwa njia ya intaneti na kozi zao za uandishi zilikuwa bure, nimewatuma vijana wawili huko na walifaidika. Lakini mlezi wa mtandaoni hawezi kugonga mlango wako akauliza mbona umenyamaza.

Tukiendelea kunyamaza vijana watamtafuta yule asiyechoka kujibu, na wameshampata. Tangu hizi programu za akili bandia zianze kuzagaa mwisho wa 2022 naletewa rasimu laini kabisa, Kiswahili hakina kosa na hakina mtu ndani yake. Majuzi binti mmoja aliniletea makala, nikapitia marejeo moja moja, matatu sikuyapata popote, majarida yapo lakini makala hazipo. Programu ilimtungia na yeye hakujua kama inaweza kufanya hivyo. Nilitaka kukasirika, halafu nikamuuliza ulimwonyesha nani kabla yangu, akasema, "Madamu, ningemwonyesha nani?"

Sikuwa na jibu. Mpaka sasa sina.

Sisi huku tumeanza kidogo tulivyoweza. Jumamosi moja kila mwezi, saa tatu asubuhi, chumba cha walimu, tunakaa watu watano au sita. Makala moja tu. Inachapwa kwenye karatasi, simu zinawekwa dirishani, mwenye makala anasoma aya moja kwa sauti halafu ananyamaza, wengine tunamwambia tumeelewa nini. Hatumwambii ni mzuri au mbaya, tunamwambia tumeelewa nini, na mara nyingi uso wake unabadilika kwa sababu hicho sicho alichotaka kusema. Anaandika pembeni. Tunaenda aya inayofuata. Kwa muda wa saa tatu tunaweza kumaliza kurasa nne. Tuliweka asubuhi makusudi, kwa sababu vikao vya jioni kina mama wenye watoto wadogo hawaji na kazi zao tunazikosa, na sasa mmoja anakuja na mtoto mgongoni, mtoto analala kwenye mkeka pale kona. Gharama yote ni chai, mandazi na karatasi. Makala mbili zimeshatoka kupitia meza hiyo, moja ni ya Kiswahili kuhusu majina ya utani ya madereva wa bodaboda, na ya tatu iko kwa wahakiki.

Na yule kijana wa dola 150 ameanza upya. Aliniambia hataki tena kusikia neno jarida, nikamuacha miezi miwili, halafu nikagonga mlango nikamuuliza unaandika nini siku hizi. Alikuwa anaandika. Safari hii tulichagua jarida pamoja, tukasoma matoleo mawili ya nyuma kuona wanapenda nini, akatuma, na wiki iliyopita majibu yamekuja, masahihisho makubwa, wahakiki wawili, kurasa tano. Alinipigia simu saa nne usiku sauti inatetemeka. Nikamwambia soma mpaka aya ya mwisho kwanza halafu lala. Kesho yake alikuja na kaunta buku mpya ameshapiga mistari. Tumekata vipande tumepata mambo 23, tumefika la tisa, na la kumi ni lile ambalo nadhani mhakiki amekosea.

Mwalimu wa Kiswahili,
Mbale